Gunia la Soro

Ukoo wa Mzee Jacob una desturi moja iliyowatoa jasho vijana wengi. Mwanamume akija kuposa kwao, haambiwi aeleze kazi yake. Analeta chombo cha kazi hiyo, anakilaza mkekani mbele ya wazee, kisha anafunga mdomo. Shangazi wa binti akikiinua na kuingia nacho ndani, posa imekubaliwa na yaliyobaki ni mazungumzo ya ng'ombe na mbuzi. Akikiacha pale chini, mposaji anakiokota mwenyewe, anaaga, anakwenda zake. Babu yao, mhunzi wa Kajo-Keji, ndiye aliyeianzisha baada ya kuchoshwa na vijana wenye maneno matamu na viganja laini. Jacob mwenyewe alipokwenda kuposa kwa watu wasioijua desturi hiyo, alibeba randa yake vivyo hivyo, na wenyeji wakadhani amekuja kutengeneza mlango.

Soro aliyajua haya yote, maana Angella alimweleza mapema bila kuficha. Shida yake haikuwa kukosa chombo. Shida yake ilikuwa kwamba anavyo vingi mno.

Alikulia ukimbizini Adjumani, upande wa Uganda, na ukimbizini mtu hachagui kazi. Akiwa na miaka kumi na minne alikaa kwa mshona viatu mmoja, akajifunza kulowesha ngozi na kuivuta juu ya kalibu, ule mguu wa mti wa kuundia kiatu. Mshona viatu alipohama, Soro akaingia kwa fundi wa baiskeli. Pikipiki zilipokuja na kuzipiga kumbo baiskeli, akaenda bekari, akaoka mikate miaka mitano. Katikati hapo alishona sare za shule na kuchora vibao vya maduka. Alizaliwa na ugonjwa mmoja tu: ukimpa kitu kilichofungwa, hatulii mpaka akione ndani. Watu wa kambini walimwita Soro wa Kila Kitu. Walimwita hivyo kwa kumcheka, ila kitu kikivunjika walijua pa kwenda.

Septemba ya mwaka 2011, bendera mpya ya Sudan Kusini ikiwa na miezi miwili tu na Juba yote ikijengwa kwa pupa, alikwenda Nyakuron kuposa. Dada yake, Poni, alimsindikiza kuwa msemaji wake. Soro alifikiri hivi: hawa wanataka kuona kazi, basi nitawaonyesha kazi mpaka washibe. Akajaza gunia la unga, akalibeba begani, akafika, akasalimu kwa heshima zote, kisha akalimwaga mkekani. Ikatoka misharasi ya kutobolea viatu, spana za baiskeli, mkasi, koleo, brashi, kisu cha kukatia donge la mkate, na vingine ambavyo Poni hata majina hakuyajua.

Jamani! Kuna makosa mtu huyafanya kwa ujinga, na kuna mengine huyafanya kwa kujiamini, na hayo ya pili ndiyo yanayouma. Shangazi Zilpah, dada yake Mzee Jacob, mwanamke ambaye ulimi wake haukupata kulala na deni, aliinama akalitazama lile rundo. Akauliza kwa upole kabisa ainue kipi, au aitiwe mtu wa mkokoteni. Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Poni akatazama miguu yake. Nyuma ya pazia, Angella hakucheka.

Mzee Jacob naye hakucheka. Alingoja kelele zitulie.

"Mwanangu," alisema, "mwenye funguo nyingi kiunoni ni mlinzi. Mwenye nyumba ana ufunguo mmoja. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika ngapi? Nenda ushike kazi moja. Ukitulia nayo, rudi."

Soro akaahidi mbele ya wote kwamba atashika kazi moja na hatarukaruka tena. Kisha akapiga magoti, akaokota vyombo vyake kimoja kimoja na kuvirudisha guniani. Spana ndogo ilikuwa imeviringika chini ya kiti cha yule mzee aliyepaliwa, ikabidi amwombe mzee ainue mguu. Angella, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimsindikiza mpaka barabarani. Alimwambia atamngoja, ila asimngojeshe mpaka wanafunzi wake waanze kuolewa.

Akapata kazi kwa Lubega. Lubega alikuwa Mganda mwenye karakana ya madirisha ya alumini, na alichokijua duniani ni madirisha. Ukimwuliza habari za milango, anakuelekeza kwa mtu wa milango. Hakuwa na kiburi, ni imani tu aliyokuwa nayo: kazi moja, maisha yote. Na wakati ule imani hiyo ilimtunza vizuri, kwa sababu kila aliyejenga Juba alitaka nyumba yake ing'ae.

Miaka miwili Soro akakata vioo, na alikata vizuri. Lubega alimpa almasi yake mwenyewe, kijiti cha chuma chenye ncha ya kuchora kioo, kidogo cha kuingia mfuko wa shati. Gunia lilisukumwa chini ya kitanda. Siku moja baiskeli ya muuza maziwa ilikatika mnyororo mbele ya karakana kabisa, na Soro akaikalia mikono yake isije ikaigusa. Muuza maziwa aliikokota baiskeli mpaka akapotea machoni. Ahadi ni ahadi, lakini siku ile Soro hakula chakula cha mchana.

Posa ya pili ikapangwa Jumamosi, tarehe ishirini na moja Desemba, mwaka 2013. Soro akaifunga almasi kwenye kitambaa cheupe na kuihesabia siku.

Jumapili ya tarehe kumi na tano bunduki zikalia kwenye kambi ya jeshi. Jumatatu zikawa upande wa Bilpam, makao makuu ya jeshi, na kabla ya jioni zikawa kila mahali. Hakuna aliyejua vizuri nani anampiga nani, mpaka ikadhihirika kwamba wengi wanaokufa hawana hata fimbo mkononi. Nchi ilikuwa na miaka miwili na miezi mitano. Mtu anaweza kulia mpaka leo akikumbuka.

Jumatano milio ilipopungua, Soro alikimbilia karakana. Hapakuwa na kioo kizima hata kimoja. Lubega alikuwa akipakia nguo na godoro kwenye pikapu yake, vifaa vyote ameviacha ukutani.

"Mimi naenda nyumbani," alisema. "Watu wetu iko Nesitu, wanangoja malori. Wewe kuja, Soro. Dirisha nani ataweka sasa?"

Soro alimshukuru, akamwambia kwamba Angella yuko Nyakuron na yeye hawezi kwenda upande mwingine. Wakashikana mikono kwa muda mrefu. Lubega alikuwa mtu mwema, na ilikuwa huzuni kumwona anaondoka bila kujua atakuwa nani huko aendako. Kazi ya maisha yote ilikuwa imekufa kwa siku tatu.

Soro alipofika chumbani kwake alikuta mlango umevunjwa. Wezi walikuwa wamebeba godoro, redio na sufuria. Gunia walilivuta kutoka chini ya kitanda, wakalifungua, wakaliacha. Hata wezi waliliona takataka. Akalitupa begani, akakata vichochoro mpaka Nyakuron. Lakini alipokaribia nyumba ya Mzee Jacob akakumbuka ahadi yake, akalificha gunia nyuma ya jiko kabla ya kubisha hodi.

Ndani aliwakuta Mzee Jacob, Shangazi Zilpah na Angella. Chumba cha nyuma kulikuwa na jirani yao Nyariek na watoto wake wawili. Siku zile jina la Nyariek peke yake, lililotaja kabila lake, lingeweza kumponza mbele ya watu wenye bunduki, na Mzee Jacob alimwingiza ndani Jumatatu asubuhi bila kuulizwa na bila kumwuliza mtu. Tangu hapo mama yule hakutoka kwenye chumba kile. Mzee alimtazama Soro, akamwuliza kama ameumia, kisha akamwonyesha pa kukaa. Habari za posa hakuzigusa, na Soro hakuthubutu.

Alhamisi asubuhi maji yakakatika. Malori yanayoteka mtoni na kuuza maji mitaani yalikuwa hayajapita tangu Jumapili, kwa hiyo nyumba zaidi ya arobaini ziliiangukia pampu moja ya mkono iliyo nyuma ya kanisa. Mzee Jacob ndiye mwenyekiti wa kamati ya pampu hiyo na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake. Pampu ilikuwa imezeeka kama mwenyekiti wake. Ilipigwa siku nne bila kupumzika, na asubuhi ile mpini ukawa mwepesi ghafla, unapanda na kushuka bila kuleta kitu. Fundi wake alikwisha vuka mpaka wa Nimule kuingia Uganda. Vipuri vilikuwa vikitoka Kampala, kwa barabara hiyohiyo ambayo watu walikuwa wakiikimbilia.

Angella alichukua jerikeni akaelekea mtoni. Alirudi baada ya nusu saa, jerikeni tupu, akasema wanajeshi wamefunga njia na wamepiga risasi juu ya vichwa vya wanawake. Zilpah akapima maji yaliyobaki ndani ya nyumba. Yalikuwa vikombe sita kwa watu saba, na mtoto mdogo wa Nyariek alikuwa anaharisha. "Moya mafi," mtoto alikuwa akirudia kwa Kiarabu cha Juba, hakuna maji, hakuna maji, kwa sauti ndogo isiyodai kitu.

Soro alikuwa amesimama karibu na pampu wakati mpini ulipopoteza nguvu. Aliusikia. Sauti ile aliijua, na hakuijulia kwenye visima wala kwenye madirisha. Ilikuwa ni sauti ya bomba la kujazia baiskeli wakati ngozi yake ya ndani imekufa.

Sasa fikiria uko mahali pake. Jumamosi, kama kuna Jumamosi, mzee huyu ndiye atakayeamua kama Angella ni mke wako. Umeahidi mbele ya ukoo mzima kwamba wewe ni mtu wa kazi moja. Ukinyamaza, ahadi yako nzima. Ukisema, umerudi palepale pa gunia, na pampu ikiharibika zaidi mikononi mwako utakuwa umewaua kwa kiu watu wa nyumba arobaini. Soro alizunguka ua mara mbili. Mara ya tatu akamsikia tena yule mtoto, akamwendea mzee.

"Baba," alisema, "ndani ya bomba la baiskeli mna kikombe kidogo cha ngozi. Ndicho kinachobana hewa. Hii pampu ni bomba lilelile, limekua tu. Nadhani ngozi yake imekwisha. Ningependa kujaribu kutengeneza nyingine."

Mzee Jacob alimgeukia. "Umewahi kutengeneza pampu ya kisima?"

"Sijawahi."

"Na wewe si mtu wa vioo?"

Soro alikwenda nyuma ya jiko, akalitoa gunia, akaliweka chini mbele ya mzee. Mzee alilitambua mara moja, kwa maana hata maandishi ya kiwanda cha unga yalikuwa yaleyale. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pampu.

Wakaitwa majirani wanne wa kuvuta, na mmoja wao alikuwa yule mzee aliyepaliwa na chai. Wakazivuta nondo za kisima moja baada ya nyingine mpaka ikatoka pistoni, kile chuma cha chini kinachosukuma maji. Ilikuwa vile Soro alivyosema. Kikombe cha ngozi kilikuwa kimelika, kimebaki tambara jembamba lililopasuka. Watu wakatazamana. Yule mzee wa chai akatoa kofia yake.

Lakini ngozi ya kutengenezea kingine itoke wapi? Ilitakiwa ngozi nene, ya ng'ombe, iliyotengenezwa vizuri. Walileta viatu, vikawa plastiki vitupu. Walileta mikanda, ikabanduka ilipokunjwa mara moja. Buti za wanajeshi zingefaa, ila nani angekwenda kuziomba? Soro alikuwa ameiona ngozi tangu jana. Ilikuwa ukutani sebuleni, imetundikwa msumarini: begi la vyombo la Mzee Jacob. Mzee alishonewa begi lile alipomaliza kujifunza useremala, akalivusha mpaka Uganda akikimbia vita vya kwanza, akalirudisha akikimbilia amani. Soro angeomba meno ya mzee kabla ya kuomba begi lile. Akasema tu kwamba ngozi haijapatikana.

Angella alilitazama begi. Baba yake akayafuata macho yake mpaka ukutani.

Mzee Jacob alinyanyuka, akalitungua begi, akakaa chini. Akatoa patasi zake, nyundo, misumeno miwili na ile randa, akazipanga sakafuni polepole. Kisha akalikung'uta vumbi la mbao na kumpa Soro.

"Lina pande mbili," alisema. "Usikosee zote."

Soro akakosea upande wa kwanza. Alikata duara, akailowesha ngozi, akaivuta juu ya kitako cha chupa kwa sababu hakuwa na kalibu ya kipimo kile, na kwa haraka ya watoto wenye kiu akaianika juani. Jua la Desemba la Juba halina subira. Alasiri ngozi ilikuwa imepinda upande na imepasuka ukingoni. Alikaa nayo mapajani. Zilpah alipita na kikombe cha maji ya mgonjwa, akaitazama ngozi, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwanza viatu, halafu baiskeli, na sasa begi la kaka yake. Safari hii hakuna aliyecheka, na huo ukimya ulimchoma kuliko kicheko cha mwaka ule.

Ijumaa asubuhi Soro alikuwa tayari kukiri kwamba ameshindwa. Ila alipoitazama tena ile ngozi iliyoharibika, aliona kwamba haikumkatalia yote, ilimkatalia mambo mawili. Umbo halikuwa sawa, na joto halikuwa sawa. Habari ya joto aliijua, kwa maana mkate nao hukataa moto wa ghafla. Habari ya umbo hakuijua, na aliyeijua alikuwa amekaa mita tatu kutoka kwake, vyombo vyake vimelala sakafuni bila begi.

Akamwendea Mzee Jacob na pistoni mkononi, akamwomba amchongee kizibo cha mti cha duara kamili, kipimo hiki, kisichozidi wala kupungua unene wa kucha. Akamwambia ukweli, kwamba yeye Soro angepewa mwaka mzima asingeweza. Mzee aliigeuza pistoni mikononi, akaipima kwa vidole, akachukua kipande cha mti mgumu. Akachonga kwa saa mbili. Kizibo alichokitoa kilikuwa cha duara mpaka Angella akakiviringisha sakafuni, kikaenda moja kwa moja mpaka ukutani.

Soro akaivuta ngozi ya upande wa pili juu ya kizibo, akaikaza kwa uzi kama anavyokaza kiatu. Halafu akaomba sufuria kubwa ya Zilpah. Kambini walioka mikate hivyo wakati hakuna tanuri: mchanga chini, makaa machache, kifuniko juu. Bekari hawatumii kipimo cha joto. Mtu anatia mkono ndani na kuhesabu. Akifika ishirini kabla ya kuutoa, joto ni la kukausha, si la kuchoma. Soro alitia mkono, akahesabu, akapunguza makaa, akahesabu tena. Alifanya hivyo siku nzima. Zilpah alikaa kando yake akimpepea, mwishoni akawa anatia mkono wake mwenyewe na kuhesabu kwa sauti. Jioni akaleta shahamu aliyokuwa ameihifadhi chunguni, wakaipaka ngozi mpaka ikashiba.

Jumamosi asubuhi kukawa kimya mjini. Wakaifunga ngozi kwenye pistoni, wakashusha nondo, wakakaza, wakamimina juu kikombe kimoja kati ya viwili vilivyobaki ndani ya nyumba, kwa sababu bomba kavu halivuti. Zilpah alitoa kikombe hicho kwa mkono wake mwenyewe. Soro akashika mpini.

Alipiga mara kumi, mwepesi. Alipiga ishirini. Yule mzee wa chai akaanza kusali kwa Kibari. Kwenye thelathini na kitu mpini ukawa mzito, na Soro akahisi uzito ule mpaka mabegani, akaanza kulia kabla ya watu wengine kujua kuna nini. Kisha bomba likakohoa, likatema matope, likatema tena, na maji yakaja. Yalikuja meusi, yakaja ya kahawia, yakaja safi. Wanawake walitoka kwenye nyumba ambazo watu walidhani zimehamwa, kila mmoja na ndoo yake, wakapiga vigelegele kwa sauti ya chini kwa sababu ya wakati wenyewe. Jerikeni la kwanza Angella alilibeba mbio mpaka chumba cha nyuma kwa Nyariek.

Mchana Mzee Jacob alioga, akavaa shati jeupe, akatandika mkeka sebuleni. Akawaita wale majirani wanne ndani. Akauliza leo ni tarehe ngapi, kana kwamba hajui.

Soro alisimama mlangoni, mikono ina majeraha ya makaa na nguo ni zilezile za Jumatano. Alisema Poni yuko mtaa wa Kator na barabara hazipitiki, hivyo hana msemaji, na posa bila msemaji si posa. Ndipo pazia la chumba cha nyuma likafunguka. Nyariek, ambaye siku tano hakuwa ameonyesha uso wake, alitoka na mtoto mgongoni, akaja akakaa upande wa Soro.

"Leo mimi ni dada yake," alisema.

Hakuna aliyepinga. Mzee Jacob akamwashiria Soro alaze chombo chake. Soro akatia mkono mfukoni, akagusa kile kitambaa cheupe. Almasi ilikuwa bado humo, nzuri, nyepesi, chombo kimoja cha kazi moja. Na ingekuwa uongo. Akauondoa mkono, akatoka nje, akarudi na gunia begani. Aliwaza kwamba wakikataa, na wakatae, lakini watakuwa wamemkataa yeye mwenyewe na si mtu mwingine. Akalishusha, akaanza kulifungua mdomo.

"Usilimwage," alisema Mzee Jacob. "Chombo chako hakimo humo."

Soro aliliachia gunia. Angella, aliyekuwa nyuma ya pazia kama desturi inavyotaka, alisahau desturi akatoa kichwa nje. Baba yake akamwambia, kwa kuwa amekwisha toka, alete jagi la maji kutoka kwenye ile pampu. Mzee alilipokea, akaliweka mwenyewe katikati ya mkeka.

"Mwaka ule nilisema mwenye funguo nyingi ni mlinzi," alisema Mzee Jacob. "Sikukosea. Nilichosahau ni kwamba nyumba ikiwaka moto, anayeitwa ni mlinzi. Chombo cha huyu kijana kiko chini ya ardhi, mita thelathini. Ndani yake mna viatu, mna baiskeli, mna mkate. Mna na begi langu. Anayetaka kukiona ashuke. Sisi wengine tutaangalia maji." Akamgeukia dada yake. "Zilpah."

Shangazi Zilpah alinyanyuka. Aliinua jagi kwa mikono miwili, akatembea taratibu lisimwagike tone, akaingia nalo ndani. Watu walikuwa wameanza kushikana mikono alipotokea tena. Alikwenda mpaka pale Soro alipopiga magoti, akalikamata gunia kwa masikio yake mawili, akalitundika begani huku akilalamika kwamba ni zito na kwamba mwanamume mwenye akili angetafuta mkokoteni. Kisha akaingia nalo ndani.